Wawili Ngazija: mwongozo kamili wa kupanda Karthala na kuzunguka kisiwa

Ngazija ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Komoro, na sehemu kubwa ya ardhi yake ni mlima mmoja: Karthala, volkano hai yenye kimo cha mita 2,361. Wenzi wengi wakisikia "kisiwa" hufikiria mchanga mweupe na mnazi ulioinama, wakatafuta hoteli ya ufukweni kwanza, kisha mlima wakauwekea siku moja ya mwisho iwapo nguvu zitabaki. Mimi nashauri mfanye kinyume chake. Mlima ndio uliokiumba kisiwa, ndio unaoamua mvua inyeshe wapi, maji yapatikane wapi na barabara ipite wapi. Anzeni na mlima mkiwa bado na nguvu, halafu mshuke baharini mkapumzike. Na mlima wenyewe muupange kwa mwendo wa yule kati yenu anayechoka mapema. Hilo likipuuzwa, picha zitapatikana lakini wawili hawatasemezana siku mbili.

Kwa msafiri wa Afrika Mashariki, safari yenyewe ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Kutoka Dar es Salaam ndege haifiki saa mbili angani, na saa ya Moroni ni ile ile ya Dar na Nairobi. Tengeni usiku saba. Ukipunguza hapo, mvua ya siku moja tu itakuharibia ratiba yote.

Hatua ya kwanza: msimu

Kisiwa hiki kina misimu ile ile ya pepo tunayoijua pwani kwetu. Kusi ikivuma, kuanzia Mei hadi Oktoba, hewa huwa kavu na ya ubaridi kidogo. Kaskazi ikiingia, kuanzia Novemba hadi Aprili, joto na mvua hupanda pamoja, na huo ndio pia msimu wa vimbunga. Kimbunga Kenneth cha Aprili 2019 kilipita jirani kabisa na ncha ya kaskazini ya Ngazija kabla ya kuipiga Msumbiji, kwa hiyo msidhani Aprili ni mwezi salama kwa sababu msimu unaelekea kwisha.

Moroni ipo upande wa magharibi, chini ya mlima, na hupata zaidi ya milimita 2,500 za mvua kwa mwaka. Mawingu huja, hugonga mlima, hushusha mzigo. Ndiyo maana hata wakati wa kiangazi mnaweza kunyeshewa mjini huku upande wa pili wa kisiwa ukiwa na jua kali.

Katika miezi hiyo mikavu, Julai na Agosti ina jambo lake. Ndiyo majira ya harusi kubwa, zile sherehe za ada ambazo familia hujiandalia kwa miaka, na Wakomoro wanaoishi Ufaransa hurudi kwa wingi kuzihudhuria. Ndege hujaa, vyumba hujaa, magari ya kukodi huadimika. Faida yake ni kwamba mitaa huwa na ngoma, mavazi ya dhahabu na maandamano ya mchana ambayo hamtayaona miezi mingine. Mkipenda utulivu, nendeni Mei, Juni au Septemba. Mkipenda shamrashamra, nendeni Julai na mlipie kila kitu mapema. Mwezi wa Ramadhani nendeni mkiwa mmefunga au mmejiandaa kuishi kama waliofunga, kwa kuwa mchana sehemu za kula nyingi hufungwa.

Hatua ya pili: mazungumzo ya nyumbani

Kabla ya kulipa tiketi, kaeni chini mjibizane maswali matatu. Nani kati yetu ametembea saa sita mfululizo kwa mwaka huu? Nani ana goti, mgongo au pumu inayomsumbua? Na mmoja akisema "nimefika mwisho" njiani, tunageuka wote au mmoja anaendelea?

Swali la tatu ndilo zito. Jibu langu ni moja: mnageuka wote, au aliyechoka anabaki na mpagazi mahali palipokubaliwa, penye hema na maji, akijua saa ambayo mwenzake atarudi. Jambo hili likikubaliwa sebuleni halina uchungu. Likijadiliwa mlimani, kwenye ukungu, mmoja akiwa na malengelenge, linageuka kuwa ugomvi kuhusu mambo ya miaka iliyopita.

Jiandaeni wiki sita kabla. Si lazima gym. Pandeni ngazi na kilima mkiwa na begi la kilo tano hadi saba, mara tatu kwa wiki, na kila mwisho wa wiki mtembee mwendo mrefu pamoja. Muhimu zaidi mjizoeze kushuka, kwani kushuka ndiko kunakoumiza magoti. Mtembee na viatu vile vile mtakavyovaa huko. Mwenye pumu azungumze na daktari wake kwanza, maana kileleni kuna gesi ya volkano na hewa hiyo si rafiki wa kifua kinachobana.

Hatua ya tatu: karatasi, pesa na vitu vidogo

Wageni wengi hupewa viza wanapofika uwanja wa ndege wa Hahaya, takriban kilomita 20 kaskazini mwa Moroni. Bebeni euro taslimu kwa ajili hiyo, tiketi ya kurudi na jina la mahali mtakapolala. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe kwenye pasipoti. Malaria ipo, kwa hiyo ulizeni kliniki kuhusu dawa ya kinga na mlale ndani ya chandarua.

Pesa ya nchi ni faranga ya Komoro, na thamani yake imefungwa kwenye euro: euro moja ni faranga 491.97. Kwa sababu hiyo euro ndiyo sarafu ya kubeba, na hesabu ni rahisi, mnakadiria mia tano kwa euro. Maisha ya kisiwa ni ya taslimu. Kadi itawasaidia katika hoteli chache na mashine chache za mjini, basi. Badilisheni pesa benki siku za kazi asubuhi na muombe noti ndogo, kwani dereva wa teksi hana chenji ya noti kubwa. Ijumaa mchana msitegemee ofisi yoyote.

Soketi ni za Kifaransa, za pini mbili za mviringo, hivyo chaja zetu za pini tatu hazitaingia bila adapta. Nunueni adapta mbili kabla ya kuondoka. Umeme hukatika, na simu ndiyo kamera yenu, kwa hiyo betri ya akiba si anasa. Magari huendeshwa upande wa kulia wa barabara. Mtu aliyezoea Dar au Mombasa akivuka barabara kwa mazoea atatazama upande usio. Siku ya kwanza shikaneni mikono mkivuka, ni ruhusa hiyo.

Lugha za serikali ni Kikomoro, Kifaransa na Kiarabu. Kingazija, yaani Kikomoro cha kisiwa hiki, ni ndugu wa Kiswahili, mtakamata neno hapa na pale, lakini mazungumzo ya kasi yatawapita. Wazee wengi wa Moroni wana jamaa Zanzibar au waliishi huko, na mkitamka Kiswahili safi kwa upole, uso unafunguka. Msikilazimishe. Salimieni kwanza, mngoje waone lugha ipi inawafaa.

Hatua ya nne: mlale wapi, mwende na nini

Gawanyeni malazi mara mbili. Nusu ya kwanza mlale Moroni au Itsandra, kitongoji cha pwani kilicho kaskazini kidogo mwa mji chenye ufukwe wake. Nusu ya pili mhamie kaskazini, upande wa Mitsamiouli. Mkilala sehemu moja juma zima mtapoteza saa nyingi barabarani, na barabara nyingine zina mashimo ya kutosha kuchosha mtu kuliko mlima.

Mjini teksi hubeba abiria kadhaa kwa pamoja na kila mmoja hulipa nafasi yake. Mkitaka kwenda peke yenu, semeni kabla ya kupanda na mkubaliane bei. Kwa kuzunguka kisiwa, kodini gari lenye dereva kwa siku nzima. Dereva mwenyeji anajua shimo lilipo, anajua kijiji gani kina maziko leo ambapo muziki unazimwa, na anajua ufukwe upi unaruhusu kuoga mkiwa na mavazi yapi.

Hapa niseme la adabu mara moja. Komoro ni nchi ya Kiislamu na vijiji vyake vina haya. Mke na mume hawabusiani barabarani. Mabega na magoti yafunikwe nyote wawili, na mke awe na leso au mtandio mwepesi begini wakati wote. Nguo za kuogelea zivaliwe kwenye fukwe za hoteli au zilizo mbali na makazi, na kwenye ufukwe wa kijiji ogeni na fulana na kanga. Kila kijiji kina bangwe, ule uwanja wa mabaraza ya mawe ambapo wanaume hukaa kuzungumza. Mpite kwa salamu, msiketi bila kukaribishwa, wala msipige picha ya watu waliokaa hapo bila kuomba.

Hatua ya tano: siku ya Moroni

Siku moja nzima kabla ya mlima iwe ya mji. Miguu inazoea joto, na mnapata muda wa kukamilisha maandalizi.

Anzeni asubuhi na mapema pale bandari ndogo, mbele ya Msikiti wa Ijumaa wa kale. Msikiti huu ni wa mwaka 1427, na mnara wake uliongezwa mwaka 1921. Matao yake meupe yanatazama maji, na maji yakijaa hufika karibu kabisa na ukuta. Asiye Mwislamu autazame kutoka nje. Mwislamu akitaka kuswali aingie na nia ya kuswali, kamera ibaki na mwenzake.

Nyuma yake ndipo penye mji wa kale, Badjanani. Mtu wa Lamu au Mji Mkongwe atajihisi hajatoka nyumbani: vichochoro vyembamba, milango ya kuchongwa, mabaraza. Lakini tazameni kuta kwa karibu, pale chokaa ilipobanduka. Jiwe lililo chini ni la volkano, jeusi, lenye vitundu vidogo vidogo vya hewa iliyonaswa lava ilipopoa. Ingieni bila ramani, mji ni mdogo, mtatokea tu baharini au barabarani.

Kisha nendeni jumba la makumbusho la taifa, lililo chini ya kituo cha utafiti kiitwacho CNDRS. Ni dogo, saa moja inatosha. Mtaona maelezo ya volkano, na mtaona silikanti aliyehifadhiwa, yule samaki ambaye wanasayansi waliamini ametoweka zamani za dinosaria hadi alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Wa pili alipatikana Komoro, kisiwani Nzwani, mwaka 1952, na kumbe wavuvi wa huko walikuwa wakimjua siku zote kwa jina la gombesa.

Alasiri chukueni teksi hadi Iconi, kusini kidogo mwa Moroni. Ulikuwa mji wa masultani, na juu yake kuna jabali refu linaloangukia baharini. Wavamizi kutoka Bukini, yaani Madagaska, walipouteka mji, wanawake wa Iconi walijirusha kutoka jabali hilo wasichukuliwe utumwani. Ni mahali pa kusimama kimya. Mwulizeni mwenyeji kabla ya kupanda.

Usiku kuleni vizuri. Madaba, yaani kisamvu cha nazi, wali, samaki wa kuchoma, ndizi mbichi za nazi. Asubuhi mkatra wa futra, ule mkate wa tui na ufuta, pamoja na chai. Kambakochi wa mchuzi wa vanila mwachieni usiku wa kurudi kutoka mlimani.

Hatua ya sita: kuuliza hali ya mlima

Karthala ni volkano hai kweli, si ya kitabuni. Mwaka 1903 gesi iliyotoka ubavuni mwake iliua watu 17. Aprili 1977 lava ilifumuka chini kusini-magharibi na kufunika sehemu ya kijiji cha Singani. Mwaka 2005 ulilipuka mara mbili, Aprili na Novemba, na majivu yakashuka hadi vijijini. Kisiwa hiki hakina mto wa kudumu, kwani mvua huzama kwenye mwamba wa lava wenye matundu, na watu huishi kwa maji ya mvua yaliyokingwa kwenye matangi. Majivu yaliyachafua, na zaidi ya watu laki moja wakakosa maji safi ya kunywa. Mlipuko wa karibuni zaidi ulikuwa wa Januari 2007.

Kisiwa kina kituo cha kufuatilia volkano, nacho pia kipo chini ya CNDRS. Kwa hiyo mnapokwenda makumbusho siku ile ya Moroni, ulizeni hapo hapo: mlima ukoje wiki hii, kuna tetemeko dogo dogo la kuzidi kawaida, njia ya juu imefungwa au iko wazi? Kiongozi wenu naye aulize. Jibu likiwa la kusitasita, msiende. Wakati huo huo tazameni hali ya hewa ya siku mbili zijazo, na mkiona mvua kubwa sogezeni mlima siku moja mbele. Ndiyo sababu ya kupanga usiku saba.

Hatua ya saba: kiongozi na mzigo

Bila kiongozi msipande. Njia hupita mashambani, hugawanyika mara nyingi msituni, na juu kabisa ukungu ukishuka hamtaona hatua kumi mbele. Mtafuteni kupitia mahali mnapolala, mkutane naye ana kwa ana siku moja kabla, na mkubaliane mambo haya kwa maneno wazi: siku ngapi, mpagazi mmoja au wawili, nani analeta hema na chakula, maji ya nani, bei yote kwa jumla, na gari litawachukua wapi mkishuka. Mwangalieni anavyosikiliza. Kiongozi anayemuuliza yule mwenye mwendo wa polepole "wewe una hali gani?" ni bora kuliko yule anayejisifu kwamba hufika kileleni kwa saa chache.

Wapo wanaopanda na kushuka kwa siku moja, wakianza usiku. Kwa wawili wasio wanamichezo, sishauri kabisa. Chukueni siku mbili, mlale juu.

Maji ndiyo mzigo mkubwa. Njiani hakuna chemchemi wala kijito, hata msituni kunakodondoka maji kila mahali. Hesabuni lita nne kwa kila mtu kwa siku, na za kupikia zaidi. Wapagazi wabebe mengi, lakini kila mmoja wenu abebe angalau lita mbili zake mwenyewe, tochi yake ya kichwani, koti lake la mvua na kitu cha kula. Msiweke maji yote kwenye begi la mume na vyakula vyote kwenye begi la mke. Mkiachana dakika ishirini tu kwenye ukungu, mmoja atakuwa na kiu na mwingine na njaa.

Viatu viwe vya kushika kifundo, soli ngumu. Raba nyepesi lava huichana. Suruali ndefu, glavu za bei rahisi za kazi kwa ajili ya kushika mawe, kofia, losheni ya jua na miwani. Barakoa mbili kwa ajili ya vumbi la majivu upepo ukivuma. Nguo nzito za usiku kweli kweli: sweta, soksi za sufu, kofia ya kufunika masikio, begi la kulalia. Watu hucheka wakiambiwa wabebe sweta kwenda kisiwa cha nazi, lakini kwenye mita elfu mbili usiku wa Julai baridi hushuka chini ya nyuzi 10, na ukiwa na jasho mwilini unatetemeka.

Hatua ya nane: kupanda

Njia inayotumika sana huanza Mvouni, kijiji kilicho juu ya Moroni, na kupita Boboni. Muwe mnatembea jua likichomoza. Saa za mwanzo ni mashamba: migomba, mihogo, vanila iliyopanda kwenye miti mingine. Hapa mwendo ni rahisi, na ndipo watu wanapokosea kwa kwenda kasi. Yule wa polepole atangulie, nyuma tu ya kiongozi. Yule mwenye nguvu akae nyuma yake na asimsukume kwa maneno ya "twende, twende". Kipimo chenu kiwe mazungumzo. Mkiweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema, mwendo ni sawa.

Baada ya mashamba msitu unafunga. Miti mikubwa imevaa kuvu na majani ya porini, ardhi inateleza, na mizizi imekatiza njia. Kila nusu saa simameni dakika tano, mnywe, mle kidogo hata kama hamna njaa. Kaeni kimya dakika moja kati ya hizo tano. Karthala ina ndege ambao hawapo popote pengine duniani, akiwemo bundi mdogo anayeitwa kwa jina la mlima huu, na sauti zao mtazisikia kabla ya kuwaona.

Juu zaidi miti inafupika, na ghafla mnatoka kwenye vichaka vigumu vyenye majani madogo, mkiwa na anga wazi juu yenu. Udongo unageuka kokoto nyeusi nyepesi zenye matundu, ambazo ukizikanyaga hulia kama makaa yanayovunjwa. Hapo hatua ibadilike: mguu mzima chini, siyo kisigino, na magoti yalegee kidogo. Kwenye jiwe kubwa jaribuni kwa mguu kabla ya kuweka uzito, kwa kuwa lava ngumu kwa macho inaweza kuwa ganda tupu ndani. Na msijishike kwa kiganja kitupu mkiteleza, zile ncha hukata.

Pigeni kambi kabla ya giza, mahali kiongozi anapopajua, palipo mbali na mashimo ya gesi na pasipo bonde la kutuamisha hewa. Badilisheni nguo zote zilizolowa jasho kabla ya kukaa, hata kama mnahisi joto. Kimo hiki kwa kawaida hakileti ugonjwa wa milimani, lakini kichwa kikigonga, mara nyingi ni maji mliyoyapunguza mchana. Nyweni, mlale mapema.

Ukingo wa kaldera, yaani shimo pana la kileleni, mfike alfajiri, mawingu yakiwa bado chini. Mbele yenu patafunguka bonde kubwa, upana wa takriban kilomita tatu kwa nne, kuta zake zimesimama wima na ndani yake kuna tabaka za lava za miaka tofauti, nyeusi ya karibuni na kijivu ya zamani. Katikati ni kreta ya Chahale, yaani mdomo wa volkano. Baada ya mlipuko wa 1991 kulikuwa na ziwa humo ndani, nalo likatoweka mlima ulipofumuka mwaka 2005. Picha za zamani zenye maji ya kijani mnazoziona huko na huko ni za kipindi hicho, kwa hiyo msilitafute.

Kuteremka sakafuni mwa kaldera kunategemea ukungu, upepo na kiongozi. Ukungu ukianza kuingia, hata kidogo, bakini ukingoni. Mkiteremka, kaeni mbali na mdomo wa Chahale, kwani kingo zake ni majivu yaliyoshikana tu. Mkisikia harufu kali ya kiberiti, macho yakawasha au kikohozi kikaanza, tokeni upande upepo unakotoka, mpande juu. Gesi nyingine ya volkano haina harufu, na ni nzito, hukaa mabondeni. Msilale chini wala kuketi kwenye mashimo.

Anzeni kushuka kabla ya saa nne asubuhi. Fimbo mbili kwa kila mtu, hatua fupi, na mwenye magoti mabovu atangulie. Kucha za miguu muwe mmezikata nyumbani, vinginevyo kiatu kitazisukuma njia nzima.

Hatua ya tisa: kuhamia kaskazini

Siku inayofuata msipange kitu. Lala, kula, fua vumbi. Jioni mhamie Mitsamiouli.

Barabara ya kaskazini kupita Hahaya inakata mashamba ya lava nyeusi yanayofika hadi baharini, na huko ndiko mchanga mweupe unapokutana na jiwe jeusi. Ufukwe wa Mitsamiouli ni mrefu na mzuri kuogelea maji yakijaa. Maji yakitoka, miamba hujitokeza na viumbe wa miiba hujaa kwenye nyufa, kwa hiyo ogeni na viatu vya plastiki na muwaulize wavuvi saa za maji. Karibu na hapo kuna ghuba tulivu iitwayo Shimo la Mtume, nzuri kwa anayejifunza kutazama samaki kwa miwani ya kuzamia.

Ziwa la Chumvi, karibu na Bangoi Kouni, msilipite. Ni kreta ya kale iliyojaa maji, na kati yake na bahari kuna ukanda mwembamba tu wa ardhi. Rangi yake hubadilika kwa jinsi mwanga unavyopiga, kwa hiyo nendeni asubuhi na mkae juu ya ukingo saa nzima. Wenyeji husimulia kuwa chini yake kuna kijiji kilichozama. Msiteremke kuoga, hata pakiwa shwari.

Hatua ya kumi: mzunguko wa kusini na mashariki

Kwa siku moja ya gari, ondokeni saa kumi na mbili asubuhi. Piteni Singani muone lava ya 1977. Mtaona mwamba mweusi umesimama kati ya nyumba na mimea imeshaanza kuushika, na nyumba mpya zimejengwa juu yake au pembeni. Huko ndiko mtakapoelewa mlima mlioupanda una maana gani kwa wanaoishi chini yake. Zungumzeni na watu, nunueni ndizi au madafu kwao, msiishie kupiga picha kutoka dirishani.

Endeleeni Foumbouni, kisha mpande kaskazini kwa pwani ya mashariki hadi Chomoni. Kwa macho yangu hii ndiyo ghuba nzuri kuliko zote kisiwani: ulimi wa lava umeingia baharini, mchanga mweupe umejikusanya pembeni yake, maji ni ya buluu iliyopauka. Fikeni hapo mchana mle chakula chenu. Upande huu wa bahari hupigwa na kusi, kwa hiyo mawimbi yakiwa makubwa kaeni ndani ya ghuba.

Mkiwa na siku tatu za ziada, ongezeni Mwali, kisiwa kidogo cha jirani chenye hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2001, na mkalale Itsamia ambako kasa hupanda ufukweni usiku kutaga. Nendeni kwa ndege. Boti ndogo za kuvuka kati ya visiwa hazina vifaa vya kuokoa vya kutosha, na hakuna kasa anayestahili maisha yenu.

Zawadi ya kubeba ni vanila. Chagueni maganda meusi yanayong'aa, manene, yanayojikunja kwenye kidole bila kukatika. Lililokauka hadi likavunjika limeshapoteza mafuta yake. Yafungeni kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kukaza, kisha muifunge chupa ndani ya soksi. Mafuta ya mlangilangi nayo yauzwa huko, na yakimwagika begini hayatoki, kwa hiyo mfuko wa plastiki juu ya chupa na juu ya mfuko huo mwingine. Mawe ya lava acheni mlimani. Usiku wa mwisho rudini mlale Itsandra au Hahaya, mthibitishe saa ya ndege kwa simu siku moja kabla, na mfike uwanjani saa tatu kabla ya kuruka, kwa maana ratiba za njia hii husogezwa mbele na nyuma bila taarifa ndefu.